Uraia wa Mama Breki

Kila aliyejifunza kuendesha gari katika mtaa ule alimwita Mama Breki, na wengi wao hawakulijua kabisa jina lake la kwenye kitambulisho. Jina hilo lilitokana na kazi. Gari la kufundishia lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine chini ya mguu wa mwalimu, na mama huyu alikuwa na mguu mwepesi na sauti nzito. Mwanafunzi kabla hajaliona shimo, anasikia "Breki!", na kabla neno halijaisha gari limeshasimama, naye amebaki ameukumbatia usukani kama ndugu aliyepotea. Halafu Mama Breki anasema kwa upole, kama vile hakuna kilichotokea, "Haya mwanangu, gia ya kwanza, tuondoke zetu."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na viatu vya raba ambavyo hakuvivua kazini hata kwa mgeni wa heshima. Aliwafundisha vijana waliotoka shule juzi, akawafundisha wauza nyama, manesi, wachungaji, na wajane ambao waume zao hawakuwahi kuwaruhusu kugusa ufunguo. Hakuna aliyemtoa jasho. Mtu akilia ndani ya gari, na wengi walilia, alimwacha alie mpaka amalize, akampa kitambaa, akamwambia aangalie kioo cha pembeni kabla ya kuondoka.

Ofisi ya shule ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la matairi. Harufu ya mpira ilipanda ngazi pamoja na wateja. Ukutani kulikuwa na picha za alama za barabarani zilizopauka kwa jua, na dirisha lilitazama uwanja wa mazoezi, wenye koni za plastiki na kilima kidogo cha udongo walichojifunzia kuondoka gari lisirudi nyuma. Mwenye shule alikuwa mzee mmoja mwenye mashavu mapana ambaye kila mtu alimwita Mkuu. Ni yeye aliyemwajiri Mama Breki zamani kufagia ofisi, akamwona akifuata masomo kwa macho kupitia dirishani, akamuuliza siku moja kama anataka kujaribu. Tangu siku hiyo ufagio ulishikwa na mtu mwingine.

Asubuhi moja Mkuu alimwita kabla hajateremka kwenda kwa mwanafunzi wake wa kwanza.

"Kaa," alimwambia.

"Nikikaa nitachelewa, Mkuu. Yuko chini ananisubiri."

"Mwache asubiri, ndiyo anajifunza foleni za mjini. Mimi naacha kazi."

Mama Breki akakaa.

Mkuu akamweleza kwamba daktari ameitazama nyonga yake, akamwambia kuwa akiendelea na zile ngazi, mwakani atapandishwa kwa machela. Itabidi afanyiwe upasuaji, kisha apumzike nyumbani. Watoto wake hawaitaki shule. Mmoja anauza simu na mwingine hata kuendesha hajui, jambo ambalo alimwomba Mama Breki asilisimulie popote. "Nataka uichukue wewe," alisema. "Mambo ya malipo hayatatukosesha usingizi, wewe na mimi tunajuana. Lakini kuna kitu kimoja."

"Kipi?"

"Kibali cha kuendesha shule ya udereva anapewa raia tu. Kufundisha, wewe fundisha utakavyo. Kuwa mwenye shule, lazima uwe raia. Sheria siyo yangu."

Mama Breki akachungulia dirishani. Kule chini mwanafunzi alikuwa ameshaanza kupiga honi.

"Si lazima uhangaike," Mkuu aliendelea, akishusha sauti ingawa walikuwa wawili tu. "Binti yako amezaliwa hapa, kitambulisho anacho. Mwandikishe yeye. Jina liwe lake, kazi iwe yako. Watu wanafanya hivyo kila siku."

"Nitakujibu," alisema Mama Breki, akashuka ngazi. Siku hiyo mwanafunzi aliigonga koni, na mwalimu hakusema chochote.

Alikuwa amefika katika nchi ile akiwa msichana, nyuma ya mume wake aliyekuwa mpima barabara katika kampuni ya ujenzi. Walikuja na masanduku mawili na mimba changa. Mkataba wa mume ulipokwisha, yeye Mama Breki alikuwa ameshapata leseni ya kufundisha, na mtoto alikuwa anaanza shule. Mume akataka warudi kwao. "Tangulia," alimwambia, "sisi tutakuja likizo." Mume akatangulia, akakaa huko alikotangulia, na haukupita muda akaoa mke mwingine. Mama Breki mwenyewe alipoisimulia habari hiyo hakuitia chumvi. Alisema alilia wiki moja, kisha akawa na wanafunzi wa kuwapeleka kwenye mtihani.

Tangu hapo aliishi kwa kibali cha mgeni, akikihuisha kila kilipokwisha. Watu wakimuuliza kwa nini asichukue uraia, aliwapiga chenga. Alisema atarudi kwao mtoto akimaliza shule ya msingi. Mtoto akamaliza. Akasema sekondari. Ikapita hiyo nayo. Akasema nyumba anayojenga kule ikiezekwa. Nyumba ikaezekwa, ikapakwa rangi, na kaka yake mkubwa akahamia na familia yake "kuiangalia," na ni miaka sasa bado anaiangalia. Ukweli ni kwamba nchi aliyozaliwa hairuhusu uraia wa nchi mbili. Ukichukua huu, unauacha ule. Na neno hilo la kuacha ndilo lililomfanya awe anajibu kwa utani kila alipoulizwa.

Jioni ile alimkuta binti yake jikoni akipiga pasi koti lake jeupe. Binti alifanya kazi katika duka la dawa, na alipenda koti lisimame wima hata likivuliwa. Mama Breki akavua miwani, akamweleza yote kama yalivyo.

"Mimi nafikiri nichukue uraia," alimalizia.

"Mama, hapana."

"Hapana nini?"

"Usiache. Niandikishe mimi kama Mkuu alivyosema. Jina tu, mama."

"Nikuandikishe wewe, halafu mimi niwe mfanyakazi wa mwanangu kwenye karatasi na bosi wake mdomoni? Wakaguzi wakija wakakuuliza habari za klachi, utawajibu nini, wewe uliyegonga lango la watu?"

"Lile lango lilikuwa limefungwa vibaya."

"Lango lilikuwa limefungwa, basi. Malango hufungwa."

Kwa kawaida wangecheka, na mambo yangeishia hapo. Lakini binti aliisimamisha pasi.

"Tangu nilipoanza shule naulizwa mimi ni wa wapi," binti alisema. "Nikisema wa hapa, wananiangalia jina, wananiuliza tena, wa wapi hasa? Ndipo nasema, mama yangu anatoka kule. Hapo wananielewa. Wewe ndiye kule kwangu, mama. Mimi sina kingine. Ukiuacha ule uraia, nitawaambia nini?"

 Mama Breki alikuwa amejiandaa kwa maswali ya kaka yake, na ya majirani wanaotoka kwao. Hili lilimkuta ubavuni. Akachukua pasi, akalimalizia koti yeye mwenyewe, na alipolitundika akasema, "Omba likizo. Twende kwa bibi yako. Jambo hili silifanyi kwa simu."

Walipofika, kaka mkubwa ndiye aliyewapokea, na tangu mlangoni ilionekana ameshapata habari. Alikuwa mkaguzi wa shule aliyestaafu, mtu aliyezoea kuzungumza mbele ya watu waliokaa kimya. Baada ya chakula aliwakusanya sebuleni, akasimama karibu na kabati la vyombo, akaanza. Alizungumzia ukoo, akamzungumzia marehemu baba, akaizungumzia ardhi na damu. Bibi, yaani mama yao, alikaa kwenye kiti chake cha pembeni akichambua nyuzi za shali yake. Masikio yake yalikuwa yameanza kuzeeka, lakini yalizeeka kwa kuchagua. Ya kumchosha hayakuyasikia.

"Umekosa nini hapa?" kaka aliuliza mwishoni. "Nyumba unayo. Ndugu unao. Unakwenda kula kiapo mbele ya bendera ya watu kwa ajili ya gari bovu la kufundishia?"

"Gari siyo bovu, kaka. Na nyumba ninayo, unakaa wewe."

Wifi yake akaanza kukohoa.

"Sisemi kwa ubaya," Mama Breki aliendelea, na sauti yake ilikuwa ileile ya gia ya kwanza. "Kaa, kaa na watoto wako, nafurahi nyumba ina watu. Lakini usiihesabu kuwa ndiyo sababu ya mimi kurudi, maana nikirudi leo mtanilaza kwenye kochi. Mimi nimeishi kule utu uzima wangu wote. Sijawahi kulipa umeme hapa. Sijawahi kumzika jirani hapa. Ninapajua kama mtoto anavyopajua."

"Kwa hiyo umeshatukana sisi ndugu zako?"

"Sijawakana, ndio maana nimekuja."

Kaka alikaa chini na uso wa mtu aliyekatiwa umeme katikati ya habari. Bibi akainua kichwa, akauliza kama kesho kuna mtu wa kumpeleka kliniki, jino linamsumbua.

Asubuhi yake kaka, ambaye hasira zake hazikuwahi kulala na kuamka naye, alitoa ufunguo wa gari lake na kumrushia dada yake. "Mwalimu mkuu, tuonyeshe," alisema, akaingia kiti cha abiria. Bibi na mjukuu wake wakakaa nyuma. Mama Breki akarekebisha kiti, akarekebisha vioo vyote, akafunga mkanda, akahakikisha kila mtu kafunga mkanda, mpaka kaka akapiga miayo. Kisha akatoka getini taratibu, akawasha indiketa, akaangalia kushoto na kulia kama kitabu kinavyosema, akaingia barabara kuu kwa ustadi mkubwa, upande usio wake.

Katika nchi aliyozaliwa watu huendesha kushoto. Kule alikoishi huendesha kulia. Alilijua hilo, alilifundisha hata darasani kama mfano. Lakini mikono ilikwenda ilikozoea, na mbele yao, kama ukuta unaotembea, likaja lori lililobeba magodoro.

"Breki!" kaka alipiga yowe, akikanyaga sakafu tupu kwa miguu yote miwili. "Breki! Breki!"

Gari likasimama. Lori nalo likasimama, karibu kiasi cha kusoma maandishi ya kwenye bampa. Godoro la juu kabisa likateleza polepole, likalala juu ya boneti yao kama mtu aliyechoka. Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani, akamtazama Mama Breki kuanzia kwenye miwani mpaka kwenye usukani.

"Mama," aliuliza bila hasira, kwa mshangao tu, "wewe umejifunzia wapi kuendesha?"

Wa kwanza kucheka alikuwa Bibi. Alicheka kicheko chembamba kilichoanzia mbali, akamshika mjukuu wake begani, na binti naye akaanza, na mwisho hata kaka, ambaye mkono wake ulikuwa bado umeng'ang'ania mlango, akawa anafuta machozi. Mama Breki aliteremka, akamwomba dereva radhi kwa adabu zote, akasaidia kulirudisha godoro, akaurudia usukani.

"Mikono yake imeshahama zamani," Bibi alisema kutoka nyuma, akijipangusa macho kwa shali. "Na sisi jana tumekesha tukibishana karatasi."

Kliniki ilikuwa na foleni. Kaka alibaki nje akiikagua boneti, binti akaenda dirishani kuandikisha, na Bibi na Mama Breki wakakaa kwenye benchi la ukutani, wakitazama bango linaloonyesha namna ya kupiga mswaki.

"Nilidhani umekuja kuniaga," Bibi alisema, na safari hii hakuna aliyekuwa anacheka.

"Sikuja kukuaga, mama."

"Ukibadilisha, utakuja mara ngapi?"

"Kama nilivyokuwa nakuja. Pengine zaidi, shule ikiwa yangu hakuna wa kuninyima likizo."

Bibi alifikiri. Mkono wake ulikuwa juu ya shavu lenye jino bovu. "Na nikifa? Watakuruhusu kuingia upesi, au utakaa getini unaomba?"

Mama Breki alilitegemea swali hilo, na bado lilimchoma. Hakutaka kumpaka mama yake mafuta. "Itabidi niwe na viza," alisema. "Inatolewa palepale uwanja wa ndege. Wataniandika mgeni, lakini sitachelewa. Nimeuliza."

"Umeuliza kabla ya kuniuliza mimi?"

"Ndiyo, mama."

Bibi akageuka, akamtazama vizuri. "Basi ulishaamua. Umekuja kutafuta nini?"

"Radhi zako."

"Ungesema hivyo tangu jana ungetuokoa na hotuba ya kaka yako." Akauchukua mkono wa binti yake, akauweka juu ya paja lake, akaupigapiga kama anavyoupigapiga unga ukae sawa kwenye chombo. "Ulipoolewa ulikwenda kwa watu, nikakupa radhi, na yule bwana hakuzistahili hata nusu. Sasa unakwenda mwenyewe kwa miguu yako. Kwa nini nikunyime? Nenda. Lakini ukila kiapo chao, usile na chakula chao kibaya ukakonda. Hapo ndipo tutagombana."

Daktari akawaita. Jino likang'olewa, na Bibi hakulia.

Alasiri ile binti alimfuata bibi yake jikoni. Alikuwa ametembea na hilo swali siku nzima. Binamu zake walimpenda na kumkaribisha kwa kila namna, lakini kila alipotaka kusaidia walimwambia, "Keti, wewe mgeni," wakampa kiti kizuri.

"Bibi," aliuliza, "mama akiacha uraia wa hapa, mimi nitakuwa wa wapi?"

Bibi, mwenye pamba mdomoni, alimjibu kwa taabu lakini kwa ukali. "Unaniuliza mimi? Pua hiyo umeipata wapi? Huo ukaidi umeununua dukani kwenu, kwenye dawa? Mama yako anaacha karatasi, mimi sijaacha kitu. Nani amekuomba pasipoti kuingia jikoni kwangu? Na nani amekwambia wewe ni mgeni? Osha hivyo vyombo."

Binti akaosha vyombo vyote vya nyumba nzima, vilivyo vichafu na visivyo, akilia na kucheka kwa pamoja, na binamu walipokuja kumnyang'anya sponji, Bibi aliwafukuza.

Waliporudi, Mama Breki hakupoteza muda. Alipeleka maombi. Mkuu aliahirisha upasuaji ili kibali cha shule kisikatike katikati, na kila asubuhi alizipanda zile ngazi akiguna hatua kwa hatua. "Waambie wafanye haraka," alisema, "mimi nawasubiri kwa mguu mmoja."

Siku ya usaili ilifika. Afisa aliyemsaili alikuwa mwanamume mwenye mafua, na boksi la tishu mezani kando ya faili. Alimuuliza habari za serikali na mihimili yake, akajibu. Akamuuliza habari za historia, akajibu moja na nyingine akaikosa, akakubali kwamba ameikosa. Afisa akapenga kamasi, akafunga faili.

"Umekaa hapa muda wote huo. Kwa nini sasa?"

Jirani mmoja alikuwa amemfundisha jibu zuri lenye maneno kama upendo na uzalendo. Mama Breki akalitafuta, akaliona halimfai.

"Kwa sababu nataka shule ya udereva iwe kwa jina langu," alisema.

Afisa akalifungua tena faili. "Hiyo tu?"

"Hiyo ndiyo iliyonisukuma. Mengine yalikuwapo siku nyingi. Mwanangu kazaliwa hapa. Kazi nimeijulia hapa. Madereva wanaopita chini ya dirisha lako, wengi nimewafundisha mimi, na wakifanya ujinga barabarani natukanwa mimi. Kila mwaka nilikuwa nasema nitarudi kwetu. Ilikuwa inanisaidia kulala, lakini haikuwa kweli. Nimechoka kuisema."

Afisa alimtazama juu ya tishu. "Wewe si ndiye Mama Breki? Mke wangu alifeli kwako mara mbili."

"Kwangu hakufeli, alifeli kwa mtahini. Mwambie arudi, kilichobaki ni kile kilima tu."

"Nitamwambia," alisema afisa, akaandika kitu ambacho Mama Breki hakukiona, akamwambia asubiri barua.

Barua ilikuja ikiwa na neno la ndiyo na sharti lake. Kabla ya kiapo alete uthibitisho kwamba ameuacha uraia wa kwanza. Basi siku moja akavaa gauni lake la heshima na viatu vya raba, akaenda na binti yake kwenye ubalozi wa nchi aliyozaliwa. Aliyemhudumia alikuwa dada mmoja kijana mwenye lafudhi ya kwao kabisa, lafudhi ambayo Mama Breki aliisikia ikampita mwili mzima. Dada yule alimsomea maelezo, akamuuliza kama ana uhakika, akamuuliza tena kwa sababu utaratibu ulimtaka aulize tena. Mama Breki akasema ndiyo mara zote mbili. Dada akachukua mkasi kwenye droo, akaikata kona ya pasipoti, akamrudishia. Mkasi ulilia kidogo tu, kama wa fundi anayekata uzi.

Alitoka akitembea sawasawa mpaka kwenye ngazi za nje, kisha akakaa hapohapo kwenye ngazi, watu wakimpita. Binti akakaa pembeni yake bila kujali gauni.

"Unajuta?"

"Hapana."

"Mbona unalia?"

"Uking'olewa jino bovu unapata nafuu. Hili lilikuwa zima. Linauma, lakini sijuti." Akachukua kitambaa alichokuwa akiwapa wanafunzi wake, akajipangusa kwanza yeye. Binti alimwegemea begani, na Mama Breki akamwacha, mpaka alipokumbuka kwamba mwanafunzi wa mchana ni yule mchungaji ambaye akiachwa peke yake hujifundisha mwenyewe. Wakainuka.

Kiapo kilifanyika katika ukumbi wenye viti vya plastiki na spika iliyokoroma. Walikuwa wengi, wa kila umri, kila mmoja na watu wake waliomsindikiza. Mkuu alikuja na fimbo, akakaa mbele kabisa kama baba wa bi harusi. Walipoambiwa warudie maneno, sauti iliyosikika kuliko zote ilikuwa ya Mama Breki, maana hakuwa na desturi ya kusema chini, na mtu wa safu ya mbele aligeuka kuona ni nani. Usiku ule kaka yake alipiga simu. Alitaka kusema mambo marefu, akasema mafupi. "Hongera," alisema. "Mama anasema umekonda kwenye picha."

Mkuu alifanyiwa upasuaji wake, ukaenda salama, na baada ya hapo alikuja shuleni kila Jumanne kukaa kwenye kiti chini, kando ya duka la matairi, kumwambia mwenye shule mpya anakosea wapi. Mama Breki alimsikiliza, akafanya alivyotaka. Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kuihamisha ofisi kutoka ghorofani mpaka chini, na Mkuu hakumsamehe, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulifikiria hilo miaka yote ile.

Mwaka huohuo kulikuwa na uchaguzi. Mgombea wa kata alipita mtaani akipeana mikono, akafika mpaka uwanja wa mazoezi. Miaka iliyopita wagombea wakija, Mama Breki alikuwa akiwaambia, "Mimi mgeni, jaribuni kwa jirani," nao wakaondoka haraka. Safari hii alimshika mkono mgombea na hakumwachia. Alimtembeza barabara nzima ya nyuma ya soko, akamwonyesha shimo baada ya shimo, akamweleza lipi limevunja springi ya nani, na wasaidizi wa mgombea wakawa wanatazamana na kutazama saa zao.

Siku ya kura alisimama kwenye foleni na binti yake tangu asubuhi, jua likawapata hapo, na hakulalamika. Aliingia kwenye kibanda, akakaa humo muda mrefu hata msimamizi akakohoa. Alipotoka, kidole kina wino, binti alimuuliza amempa nani. Akamtajia.

"Mama! Yule? Yule anasema uongo!"

"Wote wanasema uongo. Huyu angalau ameyaona mashimo."

"Kwa hiyo umeiua kura yangu."

"Na wewe umeiua yangu. Twende nyumbani."

Walibishana njia nzima, kwa sauti, mpaka majirani wakatoka milangoni kuuliza kuna nini.